Mshambuliaji aliyeniamkia

Leo mshambuliaji wa timu pinzani ameniamkia shikamoo kabla ya mechi.

Mimi, beki wa mpira wa magongo niliyeogopwa Eastlands nzima, hapa Nairobi.

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Mpira wa kwanza akanipita. Wa pili nikamkimbilia, goti likakataa, nikaanguka.

Lango lilikuwa wazi, lakini msichana yule akauacha mpira, akarudi kuniinua.

"Pole, mama. Umeumia?"

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Ubabe ningeuweza. Huruma imenishinda.

Nikamwambia nahodha wetu, "Mimi nimefika mwisho. Tafuteni beki mwingine."

Hata hakushtuka. Akanishika bega, akasema polepole, "Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe."

Sasa niko kwangu, mtaa wa Jericho, miguu ndani ya beseni la maji moto.

Nyinyi mliowahi kucheza, mliambiwa na nani kuwa wakati wa kuacha umefika?