Siku Nilipomnyakua Mgeni wa Mutinda

Jamani, haya nitakayowaambia msiyarudie mbele ya mke wangu, maana yeye alishacheka mpaka akachoka, na hadi leo nikipita Ikutha kuna kina mama pale sokoni ambao wakiniona tu wanavuta leso wanajifunika uso makusudi, halafu mabega yanaanza kutikisika. Mtu mzima kama mimi, sauti yangu inajulikana toka Mwingi mpaka Makueni, nilitoroka mbele ya soko zima na maikrofoni mkononi, nikaruka mbuzi wa watu, nikaenda kujificha nyuma ya gurudumu la lori. Aibu ya siku hiyo sijaimaliza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mtangazaji wa redio, wa mazungumzo ya usiku kwa Kikamba. Naitwa Kyalo, kama kuna asiyenijua. Kipindi changu kilianza mara tu baada ya taarifa ya habari ya saa tatu, nami nilikuwa mtu wa utani: namwita mgeni studio, namchokoza kuhusu ndoa, wivu, na yule mume aliyelala kwa jirani eti kwa sababu ya mvua (na mvua yenyewe haikunyesha). Nikitoka mimi, anaingia Mutinda. Huyo alikuwa mpole ajabu. Anamuuliza mgeni swali moja, halafu ananyamaza, anamwacha mtu aseme mpaka moyo umtoke. Mimi nilimwambia waziwazi, "Mutinda, hicho si kipindi, hayo ni matanga." Akatabasamu tu, na kutabasamu kwake ndiko kulikoniudhi zaidi.

Basi tukawa paka na panya. Wakati wangu ukiisha, mimi sitoki. Nasoma salamu, naongeza salamu, nakumbuka salamu za watu ambao hata hawakutuma, na Mutinda amesimama nyuma ya kioo ananionyesha saa ya mkononi. Mpaka niondoke kwenye kile kiti, nusu ya kipindi chake nimeshaila. Alilalamika kwa bosi wetu, Bwana Nzioka, akalalamika tena, mimi nikaapa kwamba ni saa ya studio iliyochelewa.

Halafu wakubwa wakapunguza saa za matangazo ya Kikamba. Usiku ikabaki nafasi ya kipindi kimoja tu cha mazungumzo, na atakayeikosa atahamishiwa saa kumi na moja alfajiri. Alfajiri! Nani anataka utani kabla ya kunawa uso? Sikulala vizuri tangu niliposikia habari hiyo, kwa sababu usiku ule ndio ulionifanya niwe mtu. Mke wangu Mwende, ambaye nilikuwa nimemuoa mwaka uliotangulia, alinipendea ile sauti ya saa tatu, na sitaki kuwadanganya, niliogopa kwamba mchana mchana hivi mimi ni mwanaume wa kawaida tu mwenye masikio makubwa.

Bwana Nzioka akasema hatahukumu akiwa ofisini. Twendeni kwa wasikilizaji wenyewe, Ikutha, siku ya soko, kila mmoja arekodi kipindi chake juu ya lori mbele ya watu, na yule watu watakayempenda ndiye atapewa usiku. Ofisi ya chifu ikatutafutia wageni. Mutinda akapewa mama mmoja muuza tumbaku aliyejulikana soko zima kwa ulimi wake, wanamwita Mama Tumbaku. Mimi nikapewa bwana shamba mstaafu, aje aeleze namna ya kuchimba matuta. Fikirieni wenyewe.

Sasa Ikutha ndiko kwa wakwe zangu, na hapa lazima nieleze kitu kwa wale wasio Wakamba. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Tunaiita nthoni, ni aibu na heshima pamoja. Ukimwona anakuja njiani, wewe unaingia kichakani, naye anajifunika anageuka upande wa pili, na mkiwa na neno la kuambiana, mtu wa katikati analibeba. Kwa hivyo mwaka mzima nilikuwa sijaona zaidi ya mgongo wake na visigino. Asubuhi ile Mwende aliniambia, "Kyalo, leo ni soko, na mama huwa huko. Uangalie usije ukamkanyagia heshima." Nikamjibu kwa kiburi, "Mimi nitakuwa juu ya lori, yeye atakuwa chini na watu elfu. Tutakutana wapi?" Hata sikumuuliza mama huwa huko sokoni akifanya nini.

Tulipofika Mutomo, Mutinda akaomba ashuke hospitali kidogo amwone shangazi yake aliyelazwa, atatufuata kwa gari lingine. Sisi tukaendelea. Ikutha watu wamejaa, wengine wamepanda juu ya mapaa ya maduka, mafundi wetu wamefunga spika kwenye miti, na bwana shamba wangu amekaa tayari kwenye benchi amefumbata karatasi zake, ameanza kusinzia. Saa ya Mutinda ikafika, Mutinda hayupo. Watu wakaanza kupiga miluzi.

Hapo ndipo shetani alipopata kiti. Nikamwambia Bwana Nzioka, "Watu wataondoka, bosi. Wacha nianze mimi, na kwa vile mgeni wa kwanza kwa ratiba ni yule mama, nianze naye. Mutinda akija atamchukua bwana shamba, si yeye hupenda watu wa polepole?" Bwana Nzioka akakuna kidevu, akakubali. Uamuzi wenyewe ni huo tu, haukuchukua muda wa kunywa maji.

Nikapanda lorini, nikajitambulisha kwa madaha, watu wakapiga makofi, na kijumbe wa chifu akakimbia kumwita Mama Tumbaku kutoka kibanda chake mwisho wa soko. Alipofika, utambulisho wangu ulikuwa umeshapita, makofi yameumeza usifike kibandani kwake, na hakuna aliyemwambia kwamba aliyekaa pale si Mutinda. Nikamshika mkono kumsaidia kupanda (mkono, jamani, nilimshika mkono!), nikamkalisha, nikamtazama usoni. Mama mnene wa kupendeza, macho yanacheka, leso yake ya manjano. Nikajiambia leo nimepata.

"Mama, karibu. Hebu tuambie ukweli, mzee wako alikutongoza vipi?"

"Woi! Wewe kijana huna aibu!" akasema, na huku anataka sana kusema. "Huyo alinikuta mtoni nikichota maji kwenye kisima cha mchanga. Akasimama juu ya ukingo anajifanya anatafuta ng'ombe. Ng'ombe gani, na kwao hawakuwa na hata kuku! Akanitazama, akanitazama, mpaka ukingo ukakatika, akaja chini mzima mzima, kichwa kikaingia kisimani, miguu ikabaki juu. Mimi ndiye niliyemvuta miguu. Sasa mtu umeshamvuta miguu, utamwacha aende wapi?"

Soko likapasuka. Wanaume wanapigana mabega, kina mama wanapiga vigelegele, Bwana Nzioka mwenyewe anafuta machozi kwa kitambaa. Nami nilicheka sana, nikaongeza na langu, nikasema mzee huyo bila shaka mpaka leo anaoga kwa woga. (Ee Mungu. Baba mkwe wangu. Mzee anayenikaribisha na kigoda chake mwenyewe.)

Nikaona usiku ni wangu. Nikataka nipigilie msumari wa mwisho, bosi asikie kwa masikio yake. Nikamuuliza, "Na usiku mama, baada ya habari, mnasikiliza nani? Useme bila kuogopa mtu."

"Mutinda," akajibu bila kusita, akanigusa goti. "Wewe, mwanangu. Ndiyo maana waliponiambia ni wewe nikafunga kibanda nikaja, ingawa hizi spika zimeigeuza sauti yako. Yule mwingine namzima."

Watu waliolijua jina langu wakaanza kucheka kicheko kingine, na damu ikanipanda kichwani. Mtu mwenye akili angeongea habari za tumbaku. Mimi nikavuta kiti karibu. "Unamzima kwa nini, mama? Amekukosea nini huyo Kyalo?"

"Hajanikosea hata kidogo, maskini," akasema, na sauti ikawa ya chini kidogo, lakini spika za kwenye miti zilimchukua mpaka ng'ambo ya mto. "Ni mume wa Mwende wangu. Sasa mimi nitakaaje na watoto wangu nikisikiliza mkwe wangu anauliza watu mambo ya kitandani? Akianza tu, tunazima. Tunakaa gizani tunangoja amalize, tumsikie Mutinda. Naye hamalizi! Mzee anaichukua redio anaenda nayo nje, anaiweka sikioni, anarudi anasema, 'Bado.' Anaenda tena. 'Bado.' Akisema 'ametoka', Mutinda anatuambia usiku mwema."

Sijui niwaeleze vipi. Kichwa changu kilikuwa bado kinajumlisha, lakini miguu ilikuwa miguu ya Mkamba, nayo haikungoja hesabu. Niliruka kutoka lorini. Maikrofoni iko mkononi, waya umenifuata, waya ukavuta meza, meza ikavuta mtambo wa kurekodia, fundi akaudaka akaanguka nao kifuani, nami nimetua katikati ya mbuzi waliofungwa kamba moja, mbuzi wakaondoka pamoja na mimi, tukapita juu ya kunde za mama mmoja, ndipo nikajitoa nikarudi nikichutama nyuma ya gurudumu. Na maikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi! Soko zima likanisikia nikihema, nikisema, "Ngai wakwa, Ngai wakwa," yaani Mungu wangu.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo ndiye Kyalo! Ni mkwe wake!"

Nikasikia mama ametoa mlio mdogo tu, kama mtu aliyeungua kidole jikoni. Nilipochungulia kati ya magurudumu niliona tu upindo wa leso ya manjano ukishuka, ameshajifunika kichwa chote, amegeukia kichwa cha lori, amewapa watu mgongo. Na lile soko lililokuwa likinguruma likanyamaza. Kila mtu pale alikuwa na mkwe wake, na kila mtu alijua hiki si kichekesho tena. Mama wa watu alikuwa amemwaga mambo ya nyumba yake mbele ya mkwe wake, na mkwe ndiye aliyemchokonoa aseme. Hapo ndipo niliposikia uchungu. Nilisahau bosi, nikasahau saa tatu. Nililia kidogo, nawaambia ukweli.

Mutinda alikuwa ameshafika, amesimama ukingoni mwa watu na vumbi lake la safari. Angeweza kucheka. Badala yake alikuja mpaka nyuma ya gurudumu, akachutama mbele yangu, akanyoosha mkono, nikampa maikrofoni. Akaniuliza polepole, "Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie anisamehe. Mwambie sikujua. Mwambie nitaleta mbuzi, nitamtuma mjomba."

Akapanda lorini, hakukaa mbele ya mama, alikaa ubavuni akitazama upande mwingine. "Mama," akasema, "mkwe wako yuko chini. Anasema hakujua. Anaomba radhi na ataleta mbuzi kwa njia inayofaa."

Mama hakujibu upesi. Mutinda, kama kawaida yake, akanyamaza, na safari hii nilielewa kunyamaza huko ni kazi. Mwisho sauti ikatoka ndani ya leso, nzito, imelowa.

"Mwambie mkwe sina kinyongo. Nimesikia anavyohangaika. Mwambie kwamba Mwende amepata mtu." Akapangusa macho kwa upindo wa leso. "Lakini mwambie pia, kama inawezekana, atuachie ile saa. Mchana kutwa niko sokoni. Ile ndiyo saa peke yake ninayokaa chini."

Nilisimama, nikatembea nimelipa lori mgongo nisimwone mama, mpaka alipokuwa Bwana Nzioka. Alikuwa hajui aweke uso wake wapi. Nikamwambia, "Bosi, mpe Mutinda usiku." Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu kabla ya mbuzi watu walikuwa wangu. Nikasema nina hakika, kabla kiburi hakijapata nafasi ya kurudi.

Mbuzi alikwenda, mjomba alimpeleka, mambo yakatengenezwa. Mimi nikawa mtu wa alfajiri, na miezi ya kwanza nilikuwa natania giza, sijui kama kuna hata mbwa anayesikia. Tangu siku hiyo mgeni wa kike haketi mbele yangu kabla sijamuuliza ukoo wake, na binti zake wameolewa wapi, na sijawahi tena kumgusa mgeni wa mtu, hata akichelewa mpaka jua litue.

Sasa juzi Mwende alikwenda kwao kusalimia, akarudi na maneno. Anasema alfajiri, kipindi changu kikianza, baba yake hufungua redio mle jikoni, na mama, kwa ajili ya nthoni, huchukua mtungi anaaga kwamba anaenda mtoni. Mwende akaamka mapema kumsaidia kubeba. Akamkuta mama yake amefika nyuma ya jiko tu, mtungi mtupu uko chini, ameegemea ukuta upande wa redio, amejiziba mdomo kwa leso asije akasikika akicheka.