Salamu za Fundi Sentimita

Fundi Sentimita alipewa jina hilo na wateja, na jina lilimkaa. Suruali aliyoishona haikupwaya wala kubana. Sasa jamani, mtu kama huyo anaogopaje mkasi?

Aliogopa. Ilianza siku alipokata suti ya bwana harusi mkono mmoja mfupi, kitambaa chenyewe hakipatikani tena. Tangu hapo, akishika mkasi tu, moyo unamwenda mbio, viganja vinalowa, pumzi haifiki kifuani. Akabaki kupima. Anapima, anachora chaki, anafuta, anapima tena, hadi kitambaa kinafanana na ubao wa darasani. Aliyekata ni mkewe, mlango wa duka ukiwa umefungwa, naye hakuwa fundi wala hakutaka kuwa.

"Baba watoto, mimi niliolewa na fundi, sikuajiriwa," alimwambia. "Miezi minane sasa. Usipopona, tulifunge hili duka."

Dada mkubwa wa Sentimita, muuguzi, akamwandikisha kwenye utafiti wa tiba ya wasiwasi katika kliniki anakofanya kazi. Mtafiti, binti mpole mwenye miwani, akamwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi ingemuuliza hali yake, kisha impe zoezi la kumfaa.

Kulipokucha, simu ikauliza: "Habari za asubuhi? Umeamkaje? Moyo wako ukoje?"

Sentimita, mtoto wa watu aliyelelewa akaleleka, akaandika: Nzuri. Salama. Mzima kabisa. Simu ikampongeza, ikamwambia apumzike. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Moyoni akajiuliza, tiba gani hii ya kupongezana? Lakini hakutaka kuonekana mshamba, akazidi kujibu vilevile. Mkewe akaendelea kukata.

Siku ya ishirini ukaja ujumbe: hana dalili yoyote, jina lake litaondolewa kwenye utafiti Ijumaa. Duka hilo linakwenda! Akavaa viatu bila soksi, mbio hadi kliniki.

"Baba, majibu yako ndiyo mazuri kuliko ya wote," mtafiti akamwambia.

"Mwanangu, mimi naumwa."

"Mbona umeandika u mzima siku ishirini?"

"Sasa mtu anakusalimia asubuhi na mapema, unaanza kummwagia shida zako? Nilikuwa nasubiri tumalize salamu, ndiyo niulizwe."

Binti alivua miwani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwambia hakuwa peke yake. Wenzake wengi walijibu hivyohivyo, na wakubwa zake walikuwa wakishangaa watu wanaponaje kabla ya kutibiwa. Kosa lilikuwa la swali. Wangelibadilisha, na yeye angeanza upya. Sentimita alivuta pumzi ikafika kifuani, ya kwanza kwa muda mrefu. Kumbe hakuharibu kazi ya watu, na hakuwa amerukwa na akili.

Jumatatu simu ikaandika: "Salamu tumemaliza. Leo unaogopa nini?"

Akaandika: mkasi. Akaongeza mistari kumi na miwili.

Siku hiyo aliambiwa aushike tu. Kisha akate gazeti, halafu matambara. Moyo ulikimbia, ndiyo, lakini akaona kwamba akiuacha ukimbie bila kuutupa mkasi, unachoka wenyewe na kutulia. Wiki ya tano ikafika zamu ya kitambaa cha mteja. Mkewe, kwa mazoea, akafunga mlango na kunyoosha mkono.

"Leo niachie," Sentimita akasema. "Na mlango fungua."

Akakata. Alianza polepole, katikati akashika kasi. Mkewe akapitisha kidole kwenye ukingo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakuta umenyooka. Akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sentimita akamtazama. "Mama watoto, hujambo?"

"Sijambo," akajibu upesi.

Fundi akaweka mkasi mezani, akavuta kiti karibu naye.

"Salamu tumemaliza," akasema. "Sasa niambie."

Na mkewe, aliyekata vitambaa vya watu karibu miezi kumi huku akiificha hofu yake mwenyewe, akaanza kumwambia.