Mwaka Niliobaki Iringo

Mwaka jana nilikwenda Musoma kwenye harusi ya mpwa wangu. Asubuhi yake, kabla watu hawajaamka vizuri, nikatoka peke yangu nikapita mtaa wa Iringo. Sikuwa na shida yoyote huko, miguu tu ilinipeleka. Nyumba yetu ya zamani ipo, ila ukuta wa mbele wameuvunja wakaweka duka la simu. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka binti aliyekuwa anafagia mbele ya duka akaona nimezidi.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

Nikamwitikia, nikamwambia kuna mtu namsubiri. Ningemwambia nini, rafiki yangu? Kwamba baba yangu ndiye aliyeuchimba msingi ule?

Baba alikuwa fundi seremala. Nyumba ile aliijenga miaka michache baada ya Uhuru, chumba kimoja kimoja. Akipata kazi ya vitanda anaongeza ukuta, akipata ya milango anaongeza mabati. Nyuma kulikuwa na banda lake la kazi, na maranda yalijaa humo mpaka yakatufika vifundoni. Harufu ya mbao ilikuwa imeingia mpaka kwenye mashuka. Harufu nyingine ya nyumba yetu ilikuwa ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mingi, ambao mama aliwakausha juu ya paa la jiko kisha akawakaanga hadi tukawatafuna na vichwa vyao. Siku hizi ukiwataja furu mbele ya watoto wanakutazama tu.

Tulikuwa wanne. Mimi ndiye mkubwa, nina miaka kumi. Akafuata mdogo wangu wa kiume, miaka mitano, mtoto asiyejua kunyamaza. Halafu mdogo wa kike wa miaka mitatu, na kitinda mimba aliyekuwa bado anabebwa mgongoni.

Kilikuwa kipindi cha watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Jioni moja baba alirudi kutoka mkutano wa tawi la chama, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Wanahitaji mafundi kule upande wa Guta," alimwambia mama. "Kijiji kizima hakina mtu wa kutengeneza mlango."

Mama alikuwa anapepeta mtama. "Na hii nyumba?"

"Tunaiuza. Tutanunua mabati, tujenge kule. Kubwa kuliko hii."

"Umeshawaambia ndiyo?"

"Nimewaambia."

Mama akaendelea kupepeta. Nakumbuka ungo ulivyokuwa ukipanda na kushuka, na mapumba yakipeperukia miguuni mwa baba, naye hakuisogeza. Siku hizi watu wakiizungumzia miaka ile hucheka, au hukasirika. Mimi nakuambia nilichokiona: baba yangu hakusukumwa na mtu. Aliamini kwa moyo wake wote.

Mnunuzi alikuwa karani wa mahakama. Alikuja Jumamosi na mke wake kuikagua nyumba, na mama akatuamuru tukae jikoni, tusionekane. Mdogo wangu alichoropoka. Tukamsikia anamtembeza karani chumba kwa chumba kama yeye ndiye muuzaji.

"Hapa panavujaga," alisema. "Na pale pia panavujaga, tunawekaga sufuria."

Baba alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Karani akacheka sana. "Huyu ndiye wa kununua kwake," akasema, na nyumba akainunua.

Tatizo likawa mimi. Nilikuwa darasa la nne, na shule ya kijiji kipya ilikuwa na darasa la kwanza na la pili tu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa Butiama, ila baba hakutaka nibadilishwe shule mara mbili katika mwaka mmoja. Mke wa karani ndiye aliyejitolea. Alikuwa na mabinti wawili wa umri wangu. "Mwacheni hapa," akasema. "Nyumba si anaijua?" Baba akaniambia ni miezi mitatu tu. Nyumba itakuwa imekwisha, na madawati ya darasa langu atayatengeneza yeye mwenyewe.

Lori lilikuja asubuhi. Vitanda vilifunguliwa, vigoda vikapandishwa, kuku wakafungwa miguu. Mama alinifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena. Mdogo wangu wa kike alipoona mimi sipandi akaanza kulia, na nikaendelea kumsikia hata lori lilipokwisha kupinda kona. Mimi nikageuka kuingia ndani. Hapo mlangoni nikasita, maana sikujua kama napaswa kubisha hodi.

Mke wa karani aliniambia nimwite shangazi. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Jumapili alinisuka nywele pamoja na binti zake, kwa mafuta yaleyale, na sato akipikwa sikupewa mkia. Jioni ile ya kwanza nilikusanya vyombo niende kuviosha kama nilivyozoea, akaninyang'anya. "Acha mwanangu, wewe ni mgeni." Alilisema kwa upole kabisa. Nikakaa. Tangu siku ile nikawa naomba. Shangazi, naomba maji. Shangazi, naomba kwenda uani. Chumba nilicholala ni kilekile alichozaliwa mdogo wangu nikiwa ndani yake, nimefunikwa khanga nisione, na ufa wa ukutani niliujua hata kwa kidole. Lakini kitanda kilikuwa cha watu.

Kitu kimoja kilinipa raha. Dirisha la sebuleni lilikuwa na ukaidi wake: bila kuliinua kidogo na kulisukuma kwa goti, halifungi. Upepo wa ziwa ulipoanza alasiri, wote wakalihangaikia, mwisho karani akaniita, "Hebu njoo, mwenyewe." Nilikuwa nakimbia. Naliinua, nalipiga goti, linafunga, nao wananipigia makofi. Iliendelea hivyo wiki kadhaa. Siku moja nikarudi shule nikakuta fundi mwingine amelipiga randa dirisha la baba, limekuwa laini, hata mtoto mdogo angelifunga kwa kidole kimoja. Sikuitwa tena.

Barua za baba zilikuja fupi, kwa penseli yake nene ya kuchorea mbao. Nyumba inaendelea. Soma kwa bidii. Wadogo zako wanakusalimu. Masika yakaingia, yakapita. Miezi mitatu ikaisha, nami nikaacha kuulizia barua posta.

Shule zilipofungwa katikati ya mwaka, jirani aliyekuwa akipeleka dagaa Bunda alinichukua kwenye basi, na pale Bunda akanikabidhi kwa dereva wa lori la pamba linaloelekea Guta. Baba alikuwa amesimama kando ya barabara. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa. Nyuma yake kulikuwa na kibanda cha nyasi, na kando ya kibanda kuta za matofali ya udongo zilizonifika kiunoni. Majani yalikuwa yameota ndani ya vyumba.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko Butiama kwa bibi yako, na wadogo zako. Mvua ilikuwa inaingia kibandani, mtoto akaanza kukohoa." "Amesema atarudi paa likiwapo."

Basi tulikuwa tumetawanyika sehemu tatu, na hakuna aliyeniambia. Baba alipika ugali ukaungua chini, tukaula na maziwa ya mgando. Kisha akanionyesha vyumba, akivuka kuta kwa miguu badala ya kupita milangoni. "Hapa sebule. Hapa sisi. Hapa wewe na mdogo wako." Nikasimama kwenye chumba changu, majani yakinigusa magoti.

"Kwa nini haijaisha, baba?"

Akanyoosha mkono. Mbele kidogo, katikati ya kijiji, kulikuwa na zahanati mpya, paa lake linang'aa mpaka linaumiza macho. Wanawake walikuwa wameketi barazani na watoto wao.

"Ilisimama bila paa," alisema. "Wagonjwa walikuwa wananyeshewa. Mabati ya serikali yamechelewa, yakija watatulipa mengine."

Ndipo nikaelewa. "Yale ni ya kwetu?"

"Ndiyo."

"Mama anajua?"

Baba aliokota kipande cha tofali, akakitupa majanini. "Bado."

Siku ya pili tulianza kazi, mimi na yeye. Nilichota maji, nikakanyaga udongo, nikapitisha matofali. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu lori liondoke Iringo kujisikia nina kazi ya kwetu. Asubuhi ya tatu akaja mwenyekiti wa kijiji, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Fundi, yale madawati vipi?"

Baba akaanza kunawa mikono. Sijui neno lilinitokaje. Watoto wa wakati ule hatukuwa tunaingilia wakubwa.

"Mzee, leo baba anajenga kwetu."

Baba alinitazama kama nimetukana. Mwenyekiti yeye aliangalia kuta, akaangalia majani vyumbani, akaniangalia mimi, udongo mpaka viwikoni. "Mama yako hayupo?"

"Yuko Butiama. Hana pa kulala hapa."

Mzee akavaa kofia yake vizuri akaondoka, na baba hakusema nami mpaka jioni. Lakini keshokutwa yake walikuja wanawake saba na wanaume wanne na majembe, na mwenyekiti mwenyewe nyuma yao, amevaa kaptura, amebeba debe la maji begani. Hakuna aliyetoa hotuba. Walikanyaga udongo wakiimba nyimbo za kilimo za kwao, na kuta zikapanda. Likizo yangu ilipoisha matofali yalikuwa yamepita milango, na nyasi za kuezekea zimekatwa, zimelazwa mafungu mafungu. Mimi nikarudi Musoma na basi lile lile, kwenye nyumba ambayo dirisha lake halinihitaji.

Kwa hiyo mama aliporudi sikuwapo. Nilihadithiwa na mdogo wangu wa kiume, na hadithi yake huongezeka kila mwaka, lakini kiini chake hakibadiliki. Mama alishuka kwenye gari, mtoto mgongoni, akaiangalia nyumba ya nyasi.

"Mabati yako wapi?"

Baba akaelekeza kwa kidevu tu. Mama hakuweka mzigo chini. Alikwenda moja kwa moja mpaka zahanati, akasimama chini ya paa lile akilitazama kwa ndani, misumari na kenchi. Mvua ikaanza. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa akamsogezea nafasi kwenye benchi. Mama akaketi naye mpaka mvua ikakatika. Aliporudi alimwambia baba, "Nitafutie kinyesi cha ng'ombe nisiribe sakafu." Halikuzungumzwa tena. Na mabati ya kulipwa hayakuja.

Mimi walinifuata Desemba, shule ya kijiji ilipopata darasa langu. Shangazi alilia kuniaga, mimi sikuweza. Tulipofika kijijini mdogo wangu wa kiume alitukimbilia akipaza sauti, "Mama, mgeni!" Labda alitania. Kitinda mimba alikuwa ameshajua kutembea, akanitazama, akajificha nyuma ya khanga ya mama. Mdogo wangu wa kike, yule aliyelia kwenye lori, alinipa mkono akaniamkia: shikamoo. Walikuwa na michezo yao ya Butiama, maneno ya bibi waliyochekea wao watatu, na kila walipocheka nami nikacheka, nimechelewa.

Wakati wa kula nikasema, "Mama, naomba maji."

Mama alisimamisha mkono. "Unaomba? Mtungi si ule pale?"

Niliinuka kwenda kuchota, nikakuta sijui kata inawekwa wapi. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekwenda kunitolea.

Tulikaa pale miaka minane. Baadaye watu walianza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, mmoja mmoja, bila kuaga sana, nasi tukaondoka. Nyumba ya nyasi ikikaa bila mtu haichukui masika mawili. Nilipita baadaye nikakuta mtu amelima mahindi pale, hata mistari ya vyumba huioni. Zahanati ilijengwa upya kwa tofali za saruji, paa la kijani. Yale mabati sijui yalikwenda kuezeka banda la nani. Baba alikufa bila kunieleza kama alijuta, nami sikumuuliza, kwa sababu ninaamini hakujuta, na nisingependa kulisikia.

Mama nilimuuliza. Ilikuwa Bugwema kwa mdogo wangu, siku zake za mwisho mwisho, tumekaa uani tunamenya viazi. Nikamwambia, "Mama, mwaka ule mlioniacha Iringo, mlikuwa mnanikumbuka?"

Alimenya kiazi chake mpaka kikaisha. Nilidhani hajanisikia.

"Jioni ugali ukiiva nilikuwaga nawaita mje mle," alisema. "Naanzia na wewe, kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Nakuita kwa sauti, majirani wanasikia. Halafu wanakuja watatu." Akachukua kiazi kingine. "Bibi yako akaniambia niache, nitawatia watoto simanzi. Sikuweza kuacha. Mdomo ulikuwa umezoea."

Miaka yote ile nilijiona mtoto aliyesahaulika kwenye nyumba ya watu. Kumbe kila jioni, Butiama na baadaye Guta, jina langu lilikuwa linaitwa kwa sauti kubwa uani, chakula kinatoka moto, na mimi nilikuwa mbali mno kuitika.