Amplifaya ya Mzee Wafula Ilivyoacha Kukoroma

Mmmmm. Hiyo ndiyo sauti ya siku yangu ya kwanza kazini, na mpaka leo naisikia vizuri: amplifaya ya valvu ikipata joto, kama mama anayekubali jambo huku mdomo umejaa ugali. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane tu, nikaja karakana hii ya vyombo vya muziki, mtaani Mbotela, kuomba kazi ya kufagia. Fundi Mkuu, ambaye sote tulimwita Baba Ciku, alinionyesha vichupa vya kioo vikianza kung'aa rangi ya chungwa.

"Hizo ni valvu," akasema. "Ndizo zinazokuza sauti ya gitaa. Ukizigusa zikiwa moto, utajifunza adabu."

Nilizigusa. Nikajifunza.

Sijazeeka, msinicheke. Lakini ninyi mnaoingia kazini sasa mnanikuta nimekalia meza ya Fundi, na mnaniuliza siku zake kazi ilifanywaje. Basi, jueni kwamba hatukufungua kifaa kabla mwenyewe hajapiga wimbo unaomtia aibu. Si ule anaoujua sana, ni ule unaomharibikia mbele za watu. Fundi alimgeuzia mgongo, akasikiliza. Msimamizi, mama mkali aliyepokea wateja, aliona tunapoteza muda. "Hii ni karakana ama ni krusedi ya kuungamia dhambi?" alizoea kuuliza.

Ijumaa moja akaja Mzee Wafula kutoka mtaa wa Mowlem. Yeye hupiga gitaa kwa vidole, mtindo wa kwao magharibi, ambapo kila uzi husema neno lake. Lakini kanisani, kwaya ikipanda naye akiongeza sauti, amplifaya ilikoroma na nyuzi zote zikawa uji. Kiongozi wa kwaya alikuwa amemwambia wazi: ikikoroma tena Jumapili hii, kiti chake kinaenda kwa mpiga kinanda.

"Nimekalia kiti hicho tangu kanisa likiwa la mabati," Mzee akasema taratibu. "Nikitoka hapo nitakaa wapi, msichana wangu?"

Machozi yakanitoka. Fundi akaniambia, "Utalia ukimaliza. Hii kazi ni yako."

Nilichomoa plagi, nikatoa umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vipipa vinavyoweka umeme hata baada ya kuzima. Nikaondoa valvu ya mwanzo, nikaweka ya aina isiyokuza sana, ili sauti isifike kwenye valvu kubwa tayari imefura. Kwenye njia ya umeme nikaweka kapasita kubwa zaidi, ili sauti nzito za besi zisije zikaulegeza. Nikajaribu. Safi kama maji ya chupa!

Jumamosi Mzee akaja, akapiga wimbo wake wa aibu. Sauti ikatoka safi, lakini ndogo, kama mtu anayeungama.

"Umeiua," akasema.

Nikapima waya zote, nikarudia. Hakuna kosa. Fundi alikuwa amegeuka, ananiangalia mimi.

"Unapima amplifaya," akasema. "Mpime mzee."

Ndipo nikautazama mkono wake. Ulikuwa umeishika nobu ya sauti, kile kitufe cha kuzungusha, kwenye nne. Miaka yote, kupita nne kulikuwa ni kukoroma, hata alikuwa amechora mstari hapo kwa rangi ya kucha ya mkewe. Valvu yangu ilitaka azungushe zaidi, na mkono wake ulishajifunza woga.

"Baba, pita mstari," nikamwambia Mzee.

"Hapana. Huko kuna simba."

"Simba amehama, baba. Twende pamoja."

Nikaweka vidole vyangu juu ya vyake. Tano. Sita. Tulipofika saba, Mzee akapiga tena, na Msimamizi akatoka nyuma ya kidirisha chake na kikombe mkononi, akaja kusimama karibu na gitaa. Kila uzi ulisimama peke yake.

"Kumbe kulikuwa na nafasi yote hii!" Mzee akasema. Mimi nikaufuta ule mstari kwa thina, dawa ya kutoa rangi.

Jumapili tulienda wote kanisani kwake. Kwaya ilipanda, kayamba zikapanda, gitaa likabaki juu yao likiongea. Kiongozi wa kwaya akamletea mpiga kinanda kiti kingine, akakiweka kando ya kile cha Mzee.

Nje, Fundi akaniambia, "Mimi nimemaliza. Mwisho wa mwezi narudi Murang'a kwa migomba yangu. Meza ni yako."

"Lakini Baba Ciku, mengi bado siyajui!"

"Unajua kuangalia mkono wa mtu. Hayo mengine utayasoma."

Nashukuru sana. Sikusoma mbali, lakini nilisomeshwa na mtu aliyeniachia kazi na hakuninyang'anya nilipokwama. Hata Msimamizi namshukuru, pamoja na krusedi yake.

Watu walipoenda kula, nilirudi kanisani kufungasha vyombo. Valvu ikibebwa ingali moto, nyaya zake nyembamba za ndani hukatika upesi. Nikaizima amplifaya, nikakaa sakafuni kando yake, kiganja juu ya kava, mpaka ikapoa.