Nyuzi za Nyuma ya Pazia

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni tangu anafungua duka hadi anafunga. Wateja waliiona wakaridhika. Binti yake, ambaye kwa wembamba wake mtaa mzima ulimwita Sindano, alikuwa na miaka minane alipogundua kwamba futi ile ilikuwa pambo tu. Mama hakujua kusoma namba. Alipima kwa uzi mnene wa pamba: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho urefu. Kila mteja alikuwa na uzi wake, umetundikwa kwenye msumari nyuma ya pazia. Uzi wa Sindano peke yake ulikaa ndani ya kopo la vifungo, na mama hakuwahi kusema kwa nini.

"Ya humu yaishie humu," mama alimwonya.

Sindano akafunga mdomo miaka thelathini. Akawa msanii, akachora twiga na machweo kama wenzake, kazi safi ambazo mwenyewe alizichoka. Halafu akatundika nyuzi sitini kwenye ukumbi wa maonyesho, akazifunga mafundo kwa kukumbuka, na chini akaweka kadi: "Mama yangu hakusoma namba. Alipima hivi." Hakumwomba mama ruhusa. Aliogopa kukataliwa, tusimpambe.

Siku ya ufunguzi mama alikuja na mdogo wake, amevaa gauni jipya, na futi shingoni. Mama mdogo, bila kujua anachokifanya, akaisoma kadi kwa sauti. Watu wakageuka. Sindano alitamani ardhi immeze.

Mama alizisogelea nyuzi, akapitisha vidole kwenye mafundo.

"Huyu mke wa muuza mkaa. Huyu mwalimu, kabla hajanenepa." Watu wakacheka. Mbele kidogo akasimama. "Na huyu nani?"

"Mimi, mama. Nikiwa na miaka minane."

"Si wewe."

Akaanza kulifungua fundo la juu.

"Mama, hazishikwi," mlinzi wa ukumbi akamwambia.

"Tulia, mwanangu. Niko kazini."

Alifunga fundo moja, kisha la pili chini yake kidogo.

"Bega lako la kushoto liko chini," alisema, na ukumbi mzima ulimsikia. "Tangu umezaliwa. Kila nguo yako nilitia kitambaa upande huo, watu wasijue. Hata wewe usijue."

Mkono wa Sindano ulipanda begani wenyewe. Alitazama ukutani, kwenye kadi aliyoiandika, akaona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Mama aliivua futi shingoni, akaitundika kwenye msumari pamoja na uzi wa binti yake, akaenda kutafuta kiti.