Motokari Iliyoingiliwa Dirishani

Kwenye ukumbi wa burudani wa wafanyakazi, ambao sisi wa kampi ya mgodi tuliuita serkle, ilibaki filamu moja tu. Nyingine ziliondoka na wazungu waliozileta, au ziliungua ndani ya mashine. Hiyo moja ilionyesha mashindano ya magari huko Amerika, zamani sana, wakati motokari zilikuwa zimevimba kama mikate. Wala hazikuwa motokari za mbio. Zilikuwa zile ambazo watu walinunua dukani kwa ajili ya kwenda kazini na kanisani. Walizipaka namba kubwa milangoni, wakazibandika taa utepe, kisha wakazizungusha kwenye njia iliyokuwa nusu lami, nusu mchanga wa ufuko. Zinapiga kona, mchanga unaruka, moja inabiringika, nyingine zinaipita. Mwishoni mwanaume mwenye uso uliojaa masizi anatoka kupitia dirishani, na mwanamke mwenye meno mengi anampa maua.

Niliitazama kila Jumapili kwa sababu niliuza karanga mlangoni. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, baba kwanza, mama baadaye, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo shule niliwaachia wadogo zangu. Sijapata kuona kitu cha kipumbavu kama filamu ile. Watu wazima wanachoma esansi, petroli nzima nzima, mchana kutwa ili warudi pale walipoanzia. Lakini wanaume wa kampi yetu waliipenda kama misa. Walimpigia kelele za kumwonya dereva aliyekuwa karibu kubiringika, Jumapili baada ya Jumapili, naye akabiringika vilevile.

Halafu mgodi ukaanza kufa. Mashine zilisimama, mishahara ikawa habari ya kusikia tu, na wakubwa wa siasa wakatafuta wa kumlaumu. Wakatupata sisi wenye asili ya jimbo la Kasai. Babu yangu aliletwa kwa treni kuchimba shaba yao. Baba alizaliwa hapohapo Kolwezi, nami nikazaliwa Kolwezi. Haikusaidia kitu. Tuliitwa bilulu, yaani wadudu, na watu ambao mama yangu aliwapitishia chumvi juu ya ukuta.

Kiongozi wa vijana mtaani kwetu alikuwa mmoja wa hao. Alikulia nyumba ya pili kutoka kwetu, na katika maisha yake yote sikumwona akimaliza kazi yoyote aliyoianza. Sasa alikuwa na filimbi shingoni na wenzake walimwita Komanda. Alikuja Alhamisi, akasimama sebuleni kwetu bila kuvua kofia.

"Mama, Jumatatu tusibakute hapa," aliniambia.

"Twende wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa ku lopitali moja na weye. Mama yako njo alinibeba siku ya kutoka."

"Ile ilikuwa ya zamani," alisema. Akanyoosha mkono kuelekea uani. "Na motokari inabakia. Tuko na kazi nayo siku ya Mungu."

Motokari ilikuwa ya baba. Aliinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye bwawa la Nzilo, na ni kwenye barabara ya Nzilo alikonifundisha kuiendesha. Ilikuwa nzee, ila ilitii. Na tuliihitaji kwa jambo moja tu: kumfikisha Nkambo stesheni, kwenye treni ya Kasai. Nkambo, mama mzazi wa baba, alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza kutembea. Wazee wengine walikuwa wakipelekwa kwa toroli. Nilipomtajia toroli, aligeukia ukuta.

"Niliingia Kolwezi na viatu mu miguu," alisema. "Siwezi kutoka sawa mufuko ya simenti. Muende. Mi nabakia."

Nilimjua. Angebaki kweli, na tulikuwa tumesikia wanachowafanyia waliobaki.

Kazi waliyokuwa nayo wale vijana ilikuwa mashindano. Mgodi umekufa, hospitali haina dawa, majirani zao wanafungasha sufuria, nao wanaona ni wakati mzuri wa kuiga Amerika. Walikusanya motokari walizowanyang'anya watu mtaa kwa mtaa, ya baba ikiwemo, wakazipaka namba kwa chokaa, wakang'oa vioo. Kisha wakafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa napika naacha mwiko. Walichomelea milango. Katika filamu madereva walifunga milango kwa mikanda ya ngozi, ili isifunguke kwenye kona. Mkanda unaonekana wazi, umepita kwenye nguzo ya dirisha. Wanaume wale waliitazama filamu miaka yote ile, mate yakiwatoka, wasiuone mkanda. Waliona tu mtu anatoka dirishani. Wakaleta mashine ya kuchomelea ya karakana, ambayo kwa ajili ya bomba la maji la kampi ilikuwa siku zote mbovu, nayo siku hiyo ikafanya kazi vizuri kabisa.

Jumapili nilikwenda kwenye uwanja wa udongo wa mgodi, ule mweupe usioota hata jani. Nilisimama pembeni na kidumu cha maji. Komanda mwenyewe aliingia katika motokari ya baba, kichwa kwanza, wenzake wakimsukuma makalio. Akapuliza filimbi yake mwenyewe, akaondoka. Aliendesha kwa gia ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo iliyopiga kelele zaidi. Wengine walimpita, vumbi likamfunika, na kabla ya mzunguko wa tatu mvuke ulikuwa ukitoka mbele kama chungu cha maharage. Motokari ikazimika.

Alijitoa dirishani, akaipiga teke.

"Motokari ya bilulu," aliwaambia waliokuwa wakimcheka. "Njo maana haina nguvu."

Akaiacha hapohapo na ufunguo ndani, akaenda kudandia ya mwenzake. Kwao, kilichoshindwa hakikuwa na mwenyewe. Nilikaa kwenye kivuli chake mpaka ikapoa, nikaipa maji, nikafunga sketi vizuri, nikaingia. Iliwaka. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Wote walikuwa wakiangalia wanaozunguka.

Alfajiri tulimtoa Nkambo nje amevaa kitenge chake cha sikukuu na viatu. Aliikagua ile namba ya chokaa, akaukagua mlango.

"Inafunguka wapi?"

"Haifunguke, Nkambo. Unaingilia mu dirisha."

"Ule mwanaume wa filamu, naye alikuwa mugonjwa wa miguu?"

"Hapana. Alikuwa mujinga tu."

Alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mikono. Wadogo zangu walimpitisha taratibu, kama mkate unavyoingizwa ndani ya tanuri, naye hakulalamika hata mara moja. Barabarani alikaa wima mbele, akiwasalimia kwa kichwa waliotutazama.

Stesheni tulikuta watu wamelala nje mpaka kwenye reli. Treni haikuja siku hiyo wala kesho yake. Wengine walinyeshewa uwanjani. Nkambo alikaa ndani ya motokari, tumeziba madirisha kwa shuka. Treni ilipofika tulimtoa kwa njia ileile, watu wakapiga makofi, tukamlaza kwenye behewa juu ya mizigo yetu.

Komanda alitokea wakati tunasubiri kuondoka. Alikuwa amevaa tai.

"Mama, nilisema motokari inabakia."

"Iko pale," nilimwambia. "Ufunguo uko ndani. Kamata."

Aliizunguka, akajaribu mlango mmoja baada ya mwingine, kana kwamba waliochomelea walikuwa watu wengine. Kisha akaingiza kichwa. Safari hii hapakuwa na wa kumsukuma. Tai ilinasa mahali, miguu ikabaki nje ikitafuta pa kukanyaga, na esansi, ambayo hakuuliza, ilikuwa imeishia getini mwa stesheni.

Wadogo zangu walimwinua Nkambo kidogo ili aone. Aliitazama ile miguu kwa muda.

"Mumupatie maua," alisema, akaomba alazwe tena.