Ala ya Bastola ya Mjomba Orrin

Mjomba Orrin alistaafu kusoma mita za maji akiwa na miaka sitini na mitatu, mzima wa afya, na bila kazi yoyote ya kumzuia kuharibu vitu vya nyumbani. Kiangazi hicho kamati ya sherehe za mji ikampa heshima aliyoisubiri miaka tisa: kuanzisha mbio za nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, kwa bastola ya marehemu baba yake, kama baba yake alivyofanya maisha yake yote. Bastola ilikuwapo. Ala yake, ule mfuko wa ngozi wa kuivalia kiunoni, ilikuwa imeliwa na panya.

"Nenda kwa Delbert akushonee," mkewe, Anti Verna, alimwambia.

Delbert Haugen ni fundi wa matandiko ya farasi. Aliwahi kusema kinyozini, mbele za watu, kwamba Orrin hawezi kushona hata kifungo. Kwa hiyo mjomba akanunua ngozi, msharasi wa kuitobolea na nta, akaiteka meza ya jikoni kwa wiki mbili. Sisi tulikula tumesimama, kama farasi.

Lazima nikiri, mshono ulinyooka. Sindano mbili, uzi mmoja, zikipishana katika kila tundu. Siku moja kabla ya mbio, akailoweka ala, akaifunga bastola tupu kwa nailoni, akaichomeka ndani na kuibonyeza ngozi kwa vidole mpaka ikashika umbo lake. Mtu mwenye akili angeianika barazani. Mjomba aliitia kwenye oveni, moto mdogo kabisa, akaenda kunyoa ndevu.

Huku kwetu hakuna anayechungulia ndani ya oveni kabla ya kuoka. Anti Verna alikuwa na pai ya kuoka. Akapandisha moto.

"Orrin! Nani kaweka kiatu kwenye oveni yangu?"

"Siyo kiatu!"

"Basi kimeshakuwa."

Ngozi ilikuwa imesinyaa, ngumu kama kwato, na imeing'ata bastola. Mjomba alivuta. Anti alivuta. Mimi niliwekwa kushika meza.

"Ipasue," Anti alisema.

"Thubutu!"

Kesho yake alifika uwanjani ameivaa kiunoni, akitembea kwa madaha ya mtu ambaye hawezi kuchomoa chochote. Nyumbu sita walikuwa kwenye mstari. Mji mzima ulikuwa umejipanga kandoni. Mjomba alivuta mara moja, mkanda ukapanda hadi mbavuni.

Delbert akasogea, kisu mkononi, anatabasamu. "Leta nikupasulie, mzee. Sekunde mbili tu, upige bastola ya baba yako."

Mjomba aliitazama bastola, akautazama mshono.

"Usiguse uzi wangu."

Akakunja viganja mdomoni kama tarumbeta. "PAAA!"

Nyumbu, ambao hawajawahi kumtii binadamu yeyote wa mji huu, walitimka wote kwa pamoja. Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka.

Delbert hakucheka. Aliinama, akaipindua ala na kupitisha ukucha juu ya mshono, tundu kwa tundu.

"Umenyooka," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Sema tena, Delbert. Kuna upepo."

"Nimesema umenyooka!"

"Sasa nenda kule kinyozini, ukaseme hivyo hivyo."